Dola milioni 35 kwa mwaka: kuupima mkataba wa Justin Jefferson na Minnesota Vikings

Tarehe 3 Juni 2024 Minnesota Vikings walimwongezea mkataba mpokeaji wao Justin Jefferson: miaka 4 mipya, dola milioni 140, dhamana ya dola milioni 110. Vichwa vya habari viligawa 140 kwa 4, vikapata 35, na Jefferson akatangazwa kuwa mchezaji anayelipwa kuliko wote katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ukiondoa makwotabeki. Kugawa kwenyewe hakuna kosa. Lakini wastani wa mwaka ndiyo takwimu inayosema machache kuliko zote katika mkataba wa NFL, na ndiyo inayopambwa zaidi na mawakala, kwa sababu wanajua ndiyo itakayoandikwa kwa herufi kubwa.

Tuseme hukumu yetu mapema ili msomaji aipime njiani. Bei ilikuwa ya haki kwa mchezaji wa kiwango hiki. Vikings walichelewa mwaka mmoja, na kuchelewa huko kuna bei inayoweza kukadiriwa. Hatari kubwa ya mkataba huu haimo miguuni mwa Jefferson. Imo mkononi mwa mtu anayemrushia mpira.

Kwa msomaji aliyezoea soka, mambo mawili yawekwe sawa kwanza. Mpokeaji ni mchezaji anayekimbia njia iliyopangwa na kudaka pasi. Kwotabeki ndiye anayeirusha. Klabu zote 32 zina kikomo kimoja cha mishahara, kilichokuwa dola milioni 255.4 mwaka 2024, na hakuna faini ya kulipa ili ukivuke kama ilivyo kwenye mpira wa kikapu. Jambo la pili ni zito zaidi: mkataba wa NFL haulindwi wote. Katika soka, mchezaji aliyesaini miaka 4 akatemwa mwaka wa pili bila sababu halali anaidai klabu yake, na klabu kadhaa za Kenya na Tanzania zimewahi kufungiwa kusajili na FIFA kwa madeni ya namna hiyo. Katika NFL, mwaka usio na dhamana unafutwa kwa barua moja, na mchezaji hana wa kumdai. Ndiyo maana swali la kwanza si "amepewa ngapi" bali "ngapi haziwezi kurudi nyuma".

Tenga fedha za zamani na fedha mpya

Jefferson alichukuliwa nafasi ya 22 katika drafti ya 2020 (klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu), kwa chaguo ambalo Vikings walilipata kutoka Buffalo Bills walipowapa Stefon Diggs. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa miaka 4, jumla ya takriban dola milioni 13.1. Mchezaji wa raundi ya kwanza ana kitu cha ziada: klabu inaruhusiwa kumwongezea mwaka wa tano kwa hiari yake, kwa bei inayotokana na kanuni za ligi. Kwa Jefferson mwaka huo wa tano ulikuwa 2024, na bei yake ilikuwa dola milioni 19.743. Kwa makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2020, klabu ikishatumia hiari hiyo fedha hizo zina dhamana kamili.

Kwa hiyo, kabla kalamu haijagusa karatasi mwezi Juni, milioni 19.743 zilikuwa tayari za Jefferson. Kilichonunuliwa siku ile ni misimu ya 2025, 2026, 2027 na 2028, kwa milioni 140. Ukiuchukua mkataba mzima, miaka 5, unapata milioni 159.743, yaani wastani wa karibu milioni 31.95. Takwimu zote mbili ni za kweli. Ile 35 inajibu swali la bei ya mwaka mmoja mpya, ile 31.95 inajibu swali la gharama ya kuwa naye kila mwaka kuanzia leo hadi mwisho. Kosa linalofanywa kila kukicha ni kulinganisha 35 ya mmoja na 31.95 ya mwingine.

Mfano wa kosa hilo. Detroit Lions walimpa Calvin Johnson mkataba wa miaka 8 na dola milioni 132 mwaka 2012, wastani wa 16.5, wakati kikomo kilikuwa milioni 120.6. Hiyo ni asilimia 13.7 ya kikomo. Ukiweka 35 ya Jefferson juu ya 255.4 unapata asilimia 13.7 pia, na mtu anaweza kukimbilia kusema wawili hawa wamelipwa sawa. Sivyo. Ile 132 ya Johnson ilibeba na fedha za mkataba wa zamani. Ukilinganisha mzima kwa mzima, Jefferson yuko kwenye asilimia 12.5. Kwa kipimo hicho alikuwa nafuu kuliko Johnson miaka 12 kabla yake.

Mkataba wa A.J. Brown wa Philadelphia Eagles, uliosainiwa Aprili 2024, unaonyesha jambo hilihili kwa upande mwingine. Ulitangazwa kama miaka 3 na milioni 96, wastani wa 32. Lakini Brown alikuwa bado amefungwa hadi 2026 kwa bei ya zamani, kwa hiyo Eagles walinunua 2027 hadi 2029. Mchezaji mwenye miaka mitatu mkononi na mchezaji mwenye mwaka mmoja mkononi hawasaini kitu kimoja hata wastani wao ukikaribiana: wa kwanza anaipa klabu udhibiti wa miaka sita, na klabu inamlipa sehemu ya fedha za mbele mapema kama shukrani ya hilo.

Dhamana: milioni 110 si milioni 110

NFL ina aina tatu za dhamana. Ya kwanza inamlinda mchezaji akiachwa kwa sababu kiwango kimeshuka. Ya pili inamlinda akiumia. Ya tatu inamlinda pale klabu inapomwacha ili kupunguza mzigo kwenye kikomo. Zikiwapo zote tatu tunaita dhamana kamili. Ikiwapo ya jeraha tu, klabu inaweza kumtema akiwa mzima na isilipe senti.

Kwa Jefferson, dhamana kamili siku ya kusaini ilikuwa milioni 88.743. Ile 110 ya kwenye habari inajumlisha na milioni 21.257 ambazo ziligeuka au zitageuka kuwa kamili tarehe fulani zikifika mchezaji akiwa bado kikosini, utaratibu wa kawaida katika mikataba ya ukubwa huu. Sasa toa kwenye 88.743 ile 19.743 ya mwaka wa tano, ambayo alikuwa nayo tayari. Inabaki milioni 69 kamili, bila hata sehemu ya elfu kuning'inia. Namba iliyonyooka namna hiyo haitokei kwa bahati; pande mbili zilikuwa zinajadili 69, na 110 ikaundwa kwa ajili ya gazeti.

Milioni 69 kwa misimu minne mipya ndicho kifua cha mkataba huu. Ni chini kidogo ya nusu ya zile 140. Kwa mpokeaji hiyo ni dhamana kubwa, na klabu ilikuwa na sababu ya kusita: sheria ya ligi inaitaka iweke kando akiba kwa sehemu kubwa ya dhamana kamili za miaka ijayo. Mmiliki anayesaini anafunga fedha halisi, si ahadi. Mawakala wanalijua hilo, na ndiyo maana mara nyingi wanakubali dhamana inayokomaa mwaka baada ya mwaka, mradi tarehe ya kukomaa iwe mapema kiasi kwamba klabu ikitaka kumtoa italazimika kuamua kabla ya msimu wa usajili kuchacha.

Bonasi ya kusaini ilikuwa milioni 36.937. Hii ndiyo sehemu tamu kwa mchezaji, kwa kuwa inalipwa mapema na hairudi kwa kushuka kiwango. Kwa klabu ina tabia ya pekee: fedha inatoka leo, lakini kwenye vitabu vya kikomo inagawanywa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Hapa ni 36.937 kwa 5, yaani takriban milioni 7.39 kila mwaka.

Ndiyo maana mzigo wa Jefferson kwenye kikomo cha 2024 ulikuwa chini ya milioni 9. Wapo waliosoma namba hiyo wakasema Vikings wamempata kwa bei ya kutupa. Hapana. Alipokea zaidi ya milioni 36 mwaka huo. Mzigo wa kikomo unaonyesha lini klabu itaandika gharama. Hauonyeshi gharama ni kiasi gani. Usiutumie kamwe kupima thamani.

Mwaka wa mwisho uukaushe

Hapa ndipo mikataba mingi ya wapokeaji inapotia watu chambo. Machi 2022 Miami Dolphins walimchukua Tyreek Hill kutoka Kansas City Chiefs na kumwongezea miaka 4 kwa dola milioni 120. Wastani: 30, rekodi wakati ule. Lakini mwaka wa 2026 peke yake uliandikiwa milioni 45, bila dhamana, mwaka ambao Hill angekuwa na umri wa miaka 32. Kila aliyekuwa mezani alijua hautalipwa vile. Ukiutoa unabaki na milioni 75 kwa miaka 3: bei ya kweli ni 25. Dhidi ya kikomo cha 2022 cha milioni 208.2, tofauti ni kati ya asilimia 14.4 ya maneno na asilimia 12 ya ukweli. Na kweli, mkataba ule haukufika ulikoandikiwa. Agosti 2024 ulipangwa upya.

Davante Adams na Las Vegas Raiders, mwezi uleule wa Machi 2022, walifanya vivyo hivyo kwa ukubwa zaidi. Miaka 5, milioni 140, wastani 28. Miaka miwili ya mwisho iliandikiwa milioni 36.25 kila mmoja. Ukiikata, miaka mitatu ya kwanza ina milioni 67.5, yaani 22.5 kwa mwaka. Adams hakuiona ile miwili: aliuzwa New York Jets Oktoba 2024, nao wakamwachia Machi 2025.

Kipimo chetu ni rahisi: futa kila mwaka wa mwisho usio na dhamana ambao umezidi kwa mbali bei ya soko ya mchezaji wa umri ule, kisha gawa upya. Kwa Jefferson, tukichukulia kwamba miaka mitatu ya kwanza inabeba ile dhamana kamili ya 88.743 na si zaidi, zinabaki milioni 71 kwa 2027 na 2028, wastani wa 35.5. Atakuwa na miaka 28 na 29. Ja'Marr Chase wa Cincinnati Bengals alisaini kwa 40.25 miezi tisa tu baadaye. Hakuna uvimbe wa kukata hapa. Ile 35 ni nyama na mfupa, na hii ndiyo tofauti kubwa kati ya Jefferson na waliomtangulia kileleni: kati ya mkataba wa Hill na Juni 2024 soko halikupanda kutoka 30 hadi 35, kwa fedha za kweli lilipanda kutoka katikati ya ishirini.

Klabu ingefanya nini kama isingesaini?

Thamani ya mkataba haipimwi hewani. Inapimwa dhidi ya njia iliyoachwa, na katika NFL njia hiyo inaitwa tagi: klabu inamzuia mchezaji aliyemaliza mkataba kwa mwaka mmoja, kwa bei inayotokana na mishahara mikubwa ya nafasi yake, au asilimia 120 ya alichopata mwaka uliopita, kubwa kati ya hizo mbili. Mara ya pili ni asilimia 120 ya tagi ya kwanza. Mara ya tatu bei inaruka hadi asilimia 144 au zaidi, kiasi kwamba karibu hakuna klabu inayothubutu.

Tuipige hesabu kwa namba zilizokuja kuwa halisi:

Mwaka 2024, hiari ya mwaka wa tano: milioni 19.743.
Mwaka 2025, tagi ya wapokeaji: milioni 23.959. Asilimia 120 ya 19.743 ingekuwa 23.69, kwa hiyo tagi inashinda.
Mwaka 2026, tagi ya pili: milioni 28.751.
Jumla ya miaka mitatu: milioni 72.453.
Mwaka 2027, tagi ya tatu: angalau milioni 41.4.

Vikings walifunga 88.743 dhidi ya 72.453 ambayo wangeweza kuilipa mwaka kwa mwaka bila kujifunga. Tofauti ni takriban milioni 16.3. Kwa hizo walinunua nini? Walinunua haki ya 2027 na 2028 kwa bei iliyokwisha kuandikwa, katika soko ambalo kila mtu aliona linapanda. Walinunua nafuu ya kikomo katika 2024, mwaka ambao tayari walikuwa wamebeba milioni 28.5 za fedha mfu (mzigo wa kikomo unaobaki kwa mchezaji aliyeondoka) kwa ajili ya kwotabeki Kirk Cousins, aliyekwenda Atlanta Falcons. Na walinunua utulivu, kwa sababu mchezaji aliyepigwa tagi mara nyingi hagusi uwanja wa mazoezi hadi Agosti.

Milioni 16.3 kwa vyote hivyo si ghali. Msimu wa 2027 peke yake, kwa tagi ya tatu, ungekula karibu milioni 6 zaidi ya 35.

Bei ya kuchelewa

Vikings walikuwa na nafasi ya kusaini mwaka mmoja kabla. Baada ya msimu wa tatu mchezaji wa drafti anaruhusiwa kuongezewa mkataba, na mazungumzo yalifanyika hadi mkesha wa msimu wa 2023, yakakwama. Jefferson alikuwa ametoka kuwa Mchezaji Bora wa Ushambuliaji wa 2022 kwa kudaka mara 128 na yadi 1,809, yaani umbali aliousogeza mpira kwa kudaka.

Kikomo cha 2023 kilikuwa milioni 224.8. Tukichukua uwiano uleule wa asilimia 13.7, bei ya haki wakati ule ingekuwa kama milioni 30.8, na miaka mipya ingekuwa ileile: 2025 hadi 2028, kwa kuwa 2023 na 2024 zilikuwa tayari chini ya klabu. Tofauti na 35 ni milioni 4.2 kwa mwaka, takriban 16.8 kwa minne. Haya ni makadirio; Jefferson angeweza kukataa 30.8, na upande wa klabu una hoja yake kwamba mwaka ule ungeongeza dhamana mapema kwa mchezaji ambaye, kama ilivyotokea, alichanika msuli wa nyuma ya paja dhidi ya Chiefs mwezi Oktoba na kukosa mechi saba. Ila jeraha lile halikushusha bei hata kidogo. Kikomo kilipanda kwa asilimia 13.6 katika mwaka mmoja, Brown akasaini kwa 32, na Vikings wakalipa tofauti.

Bengals waliliona hilo wakarudia kosa lilelile. Chase alikuwa tayari kusaini 2024. Walisubiri, akaongoza ligi kwa kudaka mara 127, yadi 1,708 na tachidauni (mabao ya kufikisha mpira mwisho wa uwanja) 17, na Machi 2025 wakamlipa milioni 161 kwa miaka 4. Kwa mchezaji wa nafasi hii ambaye huna shaka naye, kusubiri ni kununua jambo lilelile kwa bei ya kesho. Kusubiri kuna maana pale tu unapokuwa na shaka ya kweli.

Je, kazi yake inalingana?

Yadi kwa mechi ndicho kipimo kisichodanganya sana, kwa sababu kinamwondolea mchezaji adhabu ya mechi alizokosa, ambazo tunazihesabu kando. Katika miaka minne ya kwanza Jefferson alikuwa na yadi 5,899 katika mechi 60: 98.3 kwa mechi. Hakuna mpokeaji aliyewahi kufikisha yadi nyingi hivyo katika misimu yake minne ya mwanzo. Chase, katika minne yake, alikuwa na 5,425 kwa mechi 62, yaani 87.5. CeeDee Lamb wa Dallas Cowboys alikuwa na 5,145 kwa mechi 66, karibu 78, na Agosti 2024 akalipwa milioni 136 kwa miaka 4, wastani wa 34.

Weka Lamb na Jefferson kando kwa kando. Milioni moja ya tofauti kwa mwaka, yadi 20 za tofauti kwa mechi. Ni kweli yadi si kila kitu. Lamb alianza akiwa na wapokeaji wengine wazuri waliogawana naye mipira, na wastani wake ulikuwa unapanda. Ni kweli pia kwamba Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo ilhali kiwango cha juu cha Minnesota ni asilimia 9.85, kwa hiyo mfukoni Lamb pengine hayuko nyuma, ingawa wachezaji hutozwa pia katika majimbo wanakokwenda kucheza. Lakini kwa upande wa klabu, ambako kodi ya mchezaji haionekani, Vikings walipata zaidi kwa kila dola.

Kuhusu mechi alizokosa: saba kati ya 67 katika miaka minne, zote kwa jeraha moja la msuli. Si goti wala kifundo cha mguu. Hilo ni muhimu kwa mpokeaji, maana mtindo wa Jefferson umejengwa juu ya kubadili mwendo na kumchanganya mlinzi, si mbio tupu. Mpokeaji wa aina hiyo huzeeka polepole. Hill, ambaye silaha yake ilikuwa kasi, alitoka yadi 1,799 mwaka 2023 hadi 959 mwaka 2024, na Septemba 2025 goti likateguka. Mkataba wa Jefferson unaisha akiwa na miaka 29. Umri huo pekee una thamani ya milioni kadhaa kwa mwaka, na ni kosa kuulinganisha mkataba wake na wa mtu aliyesaini akiwa na 28.

Anayerusha mpira

Sasa tufike kwenye sehemu nyeti. Mpokeaji hawezi kujipasia. Tofauti na beki au mlinzi wa pembeni, ambaye thamani yake iko mikononi mwake, kila dola ya mpokeaji inapita kwanza kwa kwotabeki. Kwa hiyo mkataba wa mpokeaji usomwe ukiwa umebandikwa na wa kwotabeki wake.

Kwa Bengals, Joe Burrow kwa 55 na Chase kwa 40.25 ni milioni 95.25 za wastani kwa watu wawili. Kwa Cowboys, Dak Prescott kwa 60 na Lamb kwa 34 ni 94. Vikings walichora njia nyingine: Aprili 2024, wiki sita kabla ya kumsaini Jefferson, walimchukua J.J. McCarthy nafasi ya 10 ya drafti, kwa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya karibu milioni 22. Wawili hao pamoja wana wastani wa takriban 40.5. Kwenye karatasi ni mpango mzuri sana. Milioni 35 kwa mpokeaji zinabebeka kirahisi wakati kwotabeki anakula 5 na ushei, na dirisha hilo, 2024 hadi 2027, linakaa karibu sawasawa juu ya miaka ya mkataba wa Jefferson.

Lakini mpango huo unafanya kazi kwa sharti moja: huyo kijana aweze kurusha. McCarthy alichanika meniskasi, gegedu la goti, kabla ya msimu wa 2024 kuanza. Sam Darnold, aliyekuja kwa mwaka mmoja na milioni 10, akaingia, akarusha tachidauni 35, Vikings wakashinda mechi 14 kati ya 17, na Jefferson akamaliza na yadi 1,533 na tachidauni 10. Kisha Darnold akaachwa aende Seattle Seahawks kwa milioni 100.5 za miaka 3, McCarthy akapewa usukani, na mwaka 2025 Jefferson akamaliza na yadi 1,048 na tachidauni 2 tu. Mpokeaji yuleyule, miguu ileile, na karibu theluthi ya yadi imetoweka.

Sisi hatuusomi msimu huo kama ushahidi kwamba alilipwa kupita kiasi. Tunausoma kama ushahidi kwamba klabu ilinunua mashine ya bei ya juu kisha ikabana matumizi kwenye umeme. Anayepima mkataba wa mpokeaji lazima ajiulize kabla ya kusaini: katika kila msimu wenye dhamana, nani atarusha, na tunamwamini kwa kiasi gani? Kwa Vikings, jibu la Juni 2024 lilikuwa kijana ambaye hajarusha pasi hata moja ya ligi. Hilo halishushi bei ya Jefferson, kwa kuwa klabu nyingine 31 zingemlipa vilevile. Linashusha kile Vikings wanachokipata kwa bei hiyo.

Mlango wa kutokea

Kila mkataba upimwe pia kwa gharama ya kuuvunja. Mchezaji akiachwa au kuuzwa, mafungu yote ya bonasi yaliyobaki yanaangukia kikomo kwa pamoja. Hizo ndizo fedha mfu. Ikifanyika baada ya tarehe 1 Juni, fungu la mwaka ule linabaki mwaka ule na mengine yanahamia mwaka unaofuata. Bills walipomuuza Diggs kwenda Houston Texans Aprili 2024, miaka miwili tu baada ya kumwongezea mkataba, walibeba zaidi ya milioni 31 za mchezaji ambaye mwaka huo alidaka mipira kwa jezi ya wengine.

Kinachoiongeza namba hiyo ni kupanga upya. Klabu inachukua mshahara wa mwaka, tuseme milioni 25, inaacha 1.2 kama mshahara, na 23.8 inazigeuza bonasi na kuzigawa kwa miaka minne iliyobaki, 5.95 kila mmoja. Mzigo wa mwaka huo unashuka kutoka 25 hadi 7.15, klabu inapumua kwa 17.85, na mchezaji anapata fedha zake mapema bila kupoteza kitu. Deni limesogezwa tu. Fanya hivyo mara mbili na mchezaji hauziki tena kabla mkataba haujaisha.

Kwa Jefferson, ukihesabu bonasi ya kusaini peke yake, bila mishahara iliyogeuzwa bonasi, fedha mfu zinazobaki baada ya msimu wa 2026 ni mafungu mawili ya 7.39, karibu milioni 14.8. Kufikia hapo dhamana kubwa itakuwa imelipwa, McCarthy atakuwa ameonyesha yeye ni nani, na Jefferson atakuwa na miaka 27 na misimu miwili iliyobaki kwa bei ambayo soko litakuwa limeshaipita. Akiwa na mrushaji wa kuaminika, Vikings watampelekea mkataba mwingine kabla hajauomba. Wasipompata mrushaji huyo, angalau milioni 14.8 ndiyo bei ya kumfungulia mlango, na klabu itakayompokea itakuwa inapata mpokeaji wa daraja la juu kwa mkataba wa 2024.